Eda ya Bi Zaina

Niliondoka nyumbani Mpendae Ijumaa ile kwa sababu moja tu: Bi Zaina, mpangaji wangu, alitaka kujua kama yeye ni mke au mjane. Mumewe Ramadhani, dereva wa lori, alichukuliwa na waasi kwao Kongo miaka sita nyuma, asionekane tena. Sasa wakubwa wa serikali yao na wa waasi walikuja kusuluhishana katika hoteli moja kaskazini mwa Unguja, na kwenye taarifa ya habari Bi Zaina akamwona kamanda aliyemchukua mumewe.

Saa mbili asubuhi tulisimama Darajani. Bi Zaina akanunua kitambaa cha bafta nyeupe.

"Ya nini, na habari hujapata?" nikamuuliza.

"Kama alikufa, dada, naanza eda leo leo, nivae nyeupe, nikae ndani."

Moyo ulinipasuka. Lakini mimi nikiumia huwa mkali, basi nikamgombeza dereva wa gari tuliyokodi kwamba anatuchelewesha.

Saa nne na nusu tukafika hotelini. Askari wa getini akatutazama juu mpaka chini.

"Mna miadi?"

"Miadi gani? Mtu anamtafuta mumewe!"

Hakufungua ng'o. Nikawaza: leo Ijumaa, na kamanda huyo ni Mwislamu. Atakwenda msikiti wa kijijini, na msikiti hauna geti. Tukaenda kumngojea huko.

Baada ya sala wanaume wakatoka. Viatu vya serikali na vya waasi vilikuwa vimechanganyika mlangoni, kila mmoja ameinama anatafuta vyake. Bi Zaina akaenda moja kwa moja kwa mzee mwenye ndevu, aliyeshika ndara moja mkononi.

"Kamanda, mimi ni mke wa Ramadhani, yule wa lori la bluu."

Mzee akaduwaa. "Mama, Ramadhani alikufa. Hata mwezi haukuisha tangu tumchukue. Alipigwa risasi njiani, nikamzika mwenyewe."

"Miaka sita! Ulishindwa hata kuniletea salamu?"

"Ilikuwa vita, mama. Nisamehe. Tumebakisha vifungu viwili tu vya mkataba, tutie saini."

"Tieni haraka," Bi Zaina akasema. "Tuko wengi tunaongoja."

Njia nzima ya kurudi alikumbatia bafta yake. Saa tisa tukapita mtaa wa Ng'ambo kwa sheikh wetu, kumuuliza namna ya kuanza. Nilimweleza yote. Akamgeukia Bi Zaina.

"Binti yangu, eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si siku ya kupata habari. Yako imeshapita."

"Hata siku moja sikai?"

"Hata moja."

Wallahi, nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Nilijua vita huua watu na kuchoma nyumba. Siku ile nilijifunza kwamba vikirefuka humpokonya mtu hata wakati wake wa kulia.

Tulipofika Mpendae nikatandika mkeka, nikawaita majirani. Bi Zaina akavaa bafta yake, akakaa, akalia kwa sauti, nasi tukalia naye. Ilipoadhiniwa Magharibi akanyanyuka, akaoga, akavaa kanga yake ya kila siku. Msiba wa miaka sita ukawa umeliliwa alasiri moja.

Kisha akaniomba, kesho nikienda sokoni, nimpitie twende sote.