Dakika Sita za Mervyn Pascoe

Mervyn Pascoe alimdharau kila mtu aliyechoka kabla yake. Hiyo ndiyo dini aliyoipata mgodini Abermain, alikoingia na ndevu za kwanza na kutoka na mapafu yasiyoweza hata kupoza chai. Vumbi la makaa lilianza kazi, sigara zikaimalizia. Huko chini, aliyevunjika mguu alisema ameteguka kidogo, na aliyeteguka hakusema kitu. Mervyn aliuita huo uanaume. Mtu akiwa mjinga miaka mingi namna hiyo, watu huishia kumsifu kwa msimamo.

Baada ya mgodi walibaki njiwa. Walikuwa njiwa wa mashindano, na banda lao lilikuwa juu kabisa ya bustani, na bustani yenyewe ni mlima. Kila asubuhi alipanda kwa kusimama simama, akijifanya anakagua kabichi. Hapakuwa na mtu aliyedanganyika, hata njiwa.

"Merv, nisikilize," mkewe Norma alimwambia. "Mara mbili nimekuokota umelala juu ya kabichi. Hospitali wakikupa mtungi wa oksijeni wa kutembea nao, njiwa wako utabaki nao. Wasipokupa, wanaondoka. Mimi na goti hili sipandi tena kukufuata."

"Nani wa kuninyima?"

Hospitalini walimpeleka kwenye ukumbi mrefu wenye koni ya plastiki kila mwisho. Mgonjwa huzizunguka kwa dakika sita, kidoleni amebanwa kifaa cha kupima oksijeni ya damu. Tamsin, binti wa mazoezi ya tiba, alimweleza. Kuna mitungi miwili inayofanana: mmoja una oksijeni, mwingine hewa hii hii ya kawaida, na mgonjwa haambiwi upi ni upi. Anatembea na mmoja, anapumzika, anatembea na wa pili. Akifika mbali zaidi na ule wa oksijeni, au akihema kwa nafuu, anapewa wa kwenda nao nyumbani.

"Siyo mashindano, mzee wangu. Nenda mwendo wako. Ukichoka, kiti kile pale."

Kiti kilikuwa na mtu. Clarrie Huxtable, aliyefanya kazi zamu moja na Mervyn miaka yote, alikuwa ameketi katikati ya matembezi yake, mdomo wazi. Alipomaliza, Tamsin alimuuliza kupumua kulikuwa kugumu kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi.

"Kumi, binti yangu. Kama una kumi na moja, nipe hiyo."

"We Clarrie, huoni haya?" Mervyn alimkemea. "Mbele ya msichana!"

"Haya yangu niliikohoa zamani, Merv. Ilitoka na vumbi."

Mervyn akaanza zamu yake. Alitoka mbio mbio kama anayefukuzwa na mbwa, akazizunguka koni kwa hasira. Midomo yake ikageuka bluu.

"Unaweza kusimama, mzee," Tamsin alisema nyuma yake.

"Simama wewe."

Mwisho aliegemea ukuta mpaka sauti ikamrudia. Kupumua kulikuwaje? "Sifuri."

"Sifuri, na midomo rangi hiyo?"

"Ndiyo rangi yake."

Baada ya mapumziko akapewa mtungi wa pili. Safari hii miguu ilimkana. Ilikuwa imemaliza nguvu zote katika zile mbwembwe za kwanza. Alijikokota, akawa anazunguka koni huku ameshika ukuta. Kupumua je? "Sifuri."

Tamsin alikaa karibu naye. "Mzee Pascoe, wa kwanza ulikuwa hewa tu. Wa pili ndio ulikuwa oksijeni. Ukiwa nayo umetembea umbali mfupi kuliko ulivyotembea bila hiyo, na kupumua unasema ni sawa tu. Oksijeni ya damu yako imeshuka vibaya, najua unauhitaji mtungi. Lakini lazima nionyeshe unakusaidia, na wewe umenificha. Rudi wiki ijayo. Tembea taratibu, niambie ukweli, tuyamalize."

Mlango ulikuwa wazi kabisa, hata mtoto angepita. Lakini kurudi ilikuwa sawa na kukiri kwamba alidanganya, na Clarrie bado alikuwa pale akivaa koti lake.

"Nimeshasema nilichosema," Mervyn akajibu.

Garini Norma, aliyeyasikia yote mlangoni, alimgeukia. "Yaani unawaacha njiwa kwa ajili ya sifuri?"

Mervyn alifunga mkanda. Mtu mzima, mpumbavu kamili, na alikuwa anaijua njia ya kutoka.

Norma hakurudi nyuma kwenye neno lake. Jumamosi Clarrie alikuja na vikapu kuwachukua njiwa, akiburuta mtungi wake mpya kwenye kigari. Alipanda, akaketi juu ya ndoo katikati ya kabichi bila aibu yoyote, akapanda tena, akafika. Mervyn alimwangalia kutoka dirisha la jikoni. Alipoona yule wa kijivu, kipenzi chake, anashikwa kwa bawa moja, alifungua dirisha kwa nguvu.

"Siyo hivyo! Mshike kwa..."

Pumzi ikaishia hapo.

"Unasemaje, Merv?" Clarrie aliita kutoka juu, bila ubaya wowote. "Njoo unionyeshe!"

Mervyn aliutazama mlima. Moyo ulimuuma kiasi ambacho asingeweza kumwambia mtu. Clarrie alimsubiri kidogo, kwa heshima, kisha akamtia yule wa kijivu kikapuni alivyojua yeye.