Barua ya Riziki wa Dimani

Nitasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Kibiti, maana wao wanatia chumvi: aliyemgeuza Riziki binti Selemani kuwa mwanamume mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa boma aliyeamua kesi, ni mimi, tena kwa mwandiko safi kabisa.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa naandika barua za watu kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale Kibiti (Kiingereza changu cha darasa la sita, majivuno ya jaji). Siku moja akaja mzee Mkumba kutoka Dimani, katumwa na jirani yake, akayatoa maneno kama alivyokaririshwa: anasema shamba la mpunga ni lake, alirithi kwa mama yake, kaka yake Saidi kalichukua kwa nguvu, anaomba shauri lisikilizwe. Jina? Riziki Selemani. Sasa sisi kwetu yeye ni yeye, awe mume awe mke, ila Kiingereza hakikuachii, lazima uchague, nami badala ya kumuuliza mzee (watu walinizunguka wakitazama kalamu inavyokimbia, nikaona kuuliza ni kujishusha) nikajiambia mwenye shamba na mashtaka atakuwa nani kama si mwanamume, nikaandika "he" kuanzia juu mpaka chini.

Siku ya shauri nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikaenda bomani, nikakaa mbele. Bwana Shauri akasoma, akamwita mwenye barua, akasimama mwanamke. Mkalimani akasema barua hii ni ya mwanamume. Hapo Saidi naye akasimama, akasema kwa upole kwamba Selemani hakuzaa mtoto wa kiume ila yeye, kwa hiyo barua yenyewe imempa shamba. Bwana Shauri akaanza kuikunja.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kumsingizia mzee Mkumba, aliyekaa kando yangu. Lakini nilimwona Riziki anaitazama barua inavyokunjwa, nikajua shamba la mama yake linakwenda kwa sababu ya majivuno yangu, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, nikasimama.

"Kosa ni langu. Mzee hakusema mwanamume. Mimi sikuuliza."

Baraza zima likacheka, mzee Mkumba akiwa wa kwanza. Nikapewa karatasi niandike upya palepale, nimesimama, jasho linadondokea wino. Nilipomaliza Riziki akaja karibu.

"Humu nimo?"

Nikamwambia yumo.

"Wapi?"

Nikamwonyesha "she" ya kwanza. Akachovya dole gumba, akaligandamiza juu ya neno lilelile, si chini nilikoacha nafasi.

"Siku nyingine uliza," akasema.

Shauri lilisikilizwa, shamba likabaki lake. Mimi tangu siku ile nauliza, wacheke wasicheke, na pale ambapo hakuna anayejua naandika "they", yaani "wao", hata kwa mtu mmoja. Karani wa boma alikuwa akiikata kwa wino mwekundu, nami nikiiandika tena.