Leo Nimekuwa Mkalimani wa Mama Mkubwa

Leo nimemdanganya mama mkubwa mbele ya daktari.

Tulitoka Rubondo, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, alfajiri kwenda hospitali ya Mbarara kuchukua majibu ya vipimo vyake. Yeye anajua Kifuliru tu, lugha ya kwetu Kongo, kwa hiyo mkalimani ni mimi; hapa maneno yetu nayaandika kwa Kiswahili cha kwetu.

Kwenye benchi tulicheka kwanza. Mrundi mmoja alituambia Afrika ina lugha zaidi ya elfu mbili, na Kongo yetu peke yake inapita mia mbili. Nikamtafsiria mama mkubwa.

"Zote hizo! Na hapa hakuna hata mutu mumoja wa kunisikia?"

Tukaingia. Daktari aliongea Kiingereza kirefu. Nesi akanifupishia kwa Kiswahili chake: "Huyu mama, dawa hapana tena. Peleka yeye nyumbani."

Mama mkubwa akanigeukia. "Banasema nini?"

"Banasema ukapumzike nyumbani."

Akanitazama sana.

"Nyumbani fasi gani? Uvira?"

Jamani, ninyi mngejibu nini? Uvira kwetu hakuendeki kwa sababu ya vita, naye anajua.

Akakaza kitenge chake, akasimama polepole.

"Basi munitafutie fasi ya kaburi hapo Rubondo, karibu na kanisa."