Milioni Moja na Moja

Marehemu baba yangu alikuwa mrina asali, na mizinga yake aliihesabu kwa kukata alama kwenye fimbo. Ikifika mia, anaacha. Iliyobaki msituni alisema ni ya Mungu na nyegere, wagawane wenyewe. Mimi nilimbebea kamba, na siku moja nikaanguka kutoka kwenye mninga, lakini hilo tuliache, hata nyuki wameshasahau. Nilitaka kusema tu kwamba kwetu hesabu iliishia mia, na ile miaka miwili na ushei ya shule haikuniongezea kitu.

Mwaka juzi nikasikia redioni kwamba kuna namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikaipenda habari hiyo kama wazee tunavyopenda ugonjwa mpya. Nikatafuta tasa yangu, kubwa, nikaipata: milioni moja na moja. Iandike uione: moja, sifuri tano, moja. Mbili haiingii. Tatu haiingii, maana tarakimu zake ukizijumlisha unapata mbili tu. Nikajaribu saba, kumi na moja, kumi na tatu, nikamaliza daftari la mjukuu nikaanza la pili. Kila mara kinabaki kitu.

Kwenye baraza la kahawa kule Kitete nilikuwa na kigoda changu karibu na jiko. Tangu mke wangu afariki, ni hapo tu nilipokuwa nasikilizwa. Basi nikatangaza kwamba namba yangu ni tasa, na atakayeigawa achukue kigoda.

Alikuwapo mtani wangu, Mgogo mstaafu wa reli. Babu zetu Wanyamwezi walipita kwao na mizigo kwenda pwani, wakatozwa hongo hata kwa maji ya kunywa. Ndiyo maana mpaka leo mtani akikuchukulia kitu hukasiriki. Ukikasirika, umeuaibisha ukoo.

Akaniuliza nimejaribu mpaka ngapi. Nikamjibu kwa fahari, mpaka mia.

"Mnyamwezi wewe, umetembea mpaka pwani ukageuka kabla hujaiona bahari. Jaribu mia na moja."

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe kugawa hajui, alinichokoza tu. Nikaokota kipande cha mkaa, nikaandika sakafuni, nikigawa kwa sauti ili wajifunze. Ikaingia mara tisa, ikabaki tisini na moja. Tisa tena, ikabaki moja. Halafu sifuri. Mwisho ikaja mia na moja yenyewe, ikaingia mara moja, haikubaki kitu. Elfu tisa mia tisa na moja, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mtani akanyoosha mkono.

"Nyanyuka, mtani, kabla kigoda hakijapoa."

Nikanyanyuka. Kahawa yangu ilikuwa nusu kikombe. Nikajikung'uta, nikashika njia ya nyumbani Itetemia, na pale sijarudi tena.