Barua Niliyoibana Kwapani

Mjukuu wangu wa kike kaja na daftari la shule. Kaulizwa: taja njia za mawasiliano za wakati wa Mjerumani. Kajibu ngoma, moshi, simu ya waya na tarishi, na mwalimu kampa vyema. Eti tarishi! Tarishi mwenyewe ni mimi, nimekaa hapa hapa, wala hakuna aliyeniuliza kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Karani wa boma la Dodoma, mtu wa pwani, aliandika alichoambiwa na Bwana Mkubwa, akakunja karatasi, nami nikaibana kwenye kijiti kilichopasuliwa ncha. Nikiwa na kijiti kile watu walinipisha njiani, hata askari. Kusoma sikujua. Nilibeba maneno ya serikali bila kujua yanasema nini, na sikuona ajabu.

Siku moja nilitumwa kwa jumbe wa Ihumwa. Mdogo wake alikuwa kafungwa bomani kwa kukataa kwenda kubeba mataruma ya reli, na nyumbani kwao walingoja kusikia kama ataachiwa. Hilo nililijua. Kila mtu alilijua.

Nilifika asubuhi, kungali na ubaridi. Mke wa mfungwa alikuwa akitwanga uwele mbele ya tembe. Aliponiona na kijiti, mchi ukasimama hewani. Sasa, kwetu mgeni hula kwanza, ndipo hutoa alichotumwa. Anayetoa ujumbe kabla ya kuonja chakula ameleta msiba, na wanawake huanza kulia hapo hapo, hawangoji maneno. Nilimhurumia yule mama. Nikaichomoa barua, nikaibana kwapani ndani ya shuka, nikamwamkia, "Mbukwa, dada. Nina njaa."

Jamani, alivyocheka! Akakimbia kumwita shemeji yake.

Jumbe naye akaelewa kwamba mdogo wake yu hai, akachinja mbuzi. Mpaka nyama iive na pombe ya mtama ipatikane, jua lilikuwa linazama. Tulikula na mfanyabiashara mmoja kutoka Kondoa, mtu pekee pale aliyejua kusoma. Aliketi ubavuni mwangu, upande ule ule wa barua. Tulipomaliza kulikuwa giza, jumbe akasema mambo ya serikali yasomwe kukicha. Sikubisha, nilikuwa nimeshiba.

Kulipokucha yule wa Kondoa akaifungua karatasi, imelowa jasho langu, akasoma. Bwana Mkubwa alitaka jumbe afike mwenyewe siku ile ile ya kupata barua, amdhamini mdogo wake. Jua likizama hajafika, mfungwa angeondoka alfajiri, kwa mnyororo, kwenda pwani.

Hakuna aliyenitukana. Jumbe alivaa kanzu yake tukaenda mbio, yeye mbele. Bomani tulimkuta askari anafagia chumba alimokuwa mfungwa. Jumbe aliuliza mara mbili, akajibiwa mara moja. Mtu yule hakurudi tena, wala hatukupata kusikia alikofikia. Siku mbili baadaye nilipewa barua nyingine ya kupeleka Bahi, nikaenda. Hiyo niliitoa kabla sijaketi, wanawake wakapiga yowe, kumbe ni habari ya kufyeka barabara.

Nilipita Ihumwa tena wakati wa mavuno. Yule mama alikuwa shambani. Aliponiona akatoka hadi njiani, hakunisalimu.

"Kaka," akasema, "ungejua kusoma, ungekula?"

Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Nikamjibu kwamba sijui. Nikamweleza nilivyomwona na ule mchi, kwamba ningeitoa barua pale pale angelia bure, na mimi sikutaka alie.

"Ningelia asubuhi moja," akasema, akarudi kukata uwele wake.