Kikwembe yangu kwa kiuno ya bibi ya shemasi

Wamama, leo kisha ibada nimeona kikwembe yangu, ile kitenge ya maua, kwa kiuno ya bibi ya shemasi!

Ile nilitoa kwa kanisa, wapatie mujane Ana.

Nikamukamata mbele ya watu yote. "Mwizi weye! Unavaa sadaka ya maskini?"

Akacheka tu, ananiita nyanya sawa vile wote wananiitaka. "Koko, Ana mwenyewe aliniuzisha. Enda umuulize."

Nikaenda. Ana iko anapika ugali, watoto wanangojea.

"Koko, ulinipatia maua ya kuvaa, na watoto walikuwa na njaa. Feza ya zaire inaanguka bei kila siku, nikaomba bibi ya shemasi anilipe unga. Makopo mbili."

Makopo mbili, kikwembe nzima!

Wamama, semeni: huyu bibi alimusaidia ao alimuibia?

Juu yangu munyamaze. Nilishajigombeza miye mwenyewe.