Gesi Ni Yangu

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana soko zima la Makere lilishacheka, Kasulu wakapokea, na hapa Kibondo kuna jamaa mpaka leo akija dukani kwangu kununua gesi ananiuliza, "Unanipa ya mtungi au ya kwako mwenyewe?" halafu anajishika mbavu. Nimeshazoea. Nawasimulia kwa mdomo wangu kwa sababu huko mtaani hii habari imetiwa chumvi mpaka imekuwa chungu, mara eti nilizimia, mara nilikimbilia porini, uongo mtupu, sikukimbia popote (ingawa nilitamani, Mungu anajua).

Chanzo chake ni sifa. Mimi nina duka la vyakula hapa mjini, pembeni nauza mitungi ya gesi ya kupikia, na nina Noah nyeupe ambayo niliinunua ikiwa imechoka lakini ukiiosha inang'aa. Wakati huo nilikuwa namchumbia Adelina, anayefanya kazi kule kambi ya wakimbizi ya Nduta, na mama yake, anayekaa Munanila karibu kabisa na mpaka wa Burundi, alikuwa hanitaki. Sura yangu haikuwa na tatizo (hilo nililiulizia), tatizo ni kwamba alishaambiwa nina maneno mengi. Akamwambia mwanaye, "Nitakwenda mwenyewe nimwone na maneno yake kama wanafanana. Wasipofanana, mahari yake akatafute pengine pa kuipeleka."

Sasa mtu mwenye akili angesikia hivyo akafunga mdomo. Mimi nikashika simu, nikamwambia Adelina, "Mwambie mama asihangaike na basi, namfuata mwenyewe na gari, vioo juu, AC inapuliza, atasafiri kama waziri!"

AC yenyewe ilikuwa imekufa tangu siku naletewa gari. Na nyie mnaijua Kasulu, asubuhi watu wamevaa masweta, AC ya kazi gani? Lakini neno lilishatoka, na Adelina alishalifikisha, na Munanila nzima ilishajua mama fulani anafuatwa na gari la baridi.

Nikaenda Kasulu kwa fundi wa AC, bwana mmoja mnene anayeongea kama anagombana hata akikusalimia. Akafungua boneti, akasema kompresa imekufa, nikameza mate nikalipa, akanifungia nyingine ya mtumba. Nikawasha gari nikiwa na furaha zangu, nikabonyeza kitufe, ikanijia hewa ya moto kama nimefunua sufuria.

"Fundi, mbona haipoi?"

"Itapoaje na haina gesi? Nilipofungua, iliyokuwemo yote imetoka. Bado kuvuta hewa na unyevu kwa mashine, bado oili, bado kukagua kama kuna panapovuja, ndiyo nijaze gesi."

"Shilingi ngapi?"

Akataja. Jamani! Nilidhani ananitajia bei ya kompresa ya pili.

"Gesi tu?"

"Gesi na kazi yake."

Hapo ndipo shetani wa sifa alipopanda kichwani. Nikamwambia, "Fundi, unajua unaongea na nani? Mimi ndiye muuza gesi wa Kibondo! Wilaya nzima inapikia gesi yangu, halafu mimi nije kununua gesi kwako?"

Akanikodolea macho, akafungua mdomo aseme kitu, mimi nikawa nimeshapandisha kioo. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni amejishika kiuno anatikisa kichwa, nikasema moyoni, umemkosa mjinga leo.

Kibondo nina rafiki yangu anaitwa Manase, fundi wa kila kitu, redio anatengeneza, friji anatengeneza, mashine ya kusaga anatengeneza, na jino angeng'oa kama ungemruhusu. Nikamweleza shida yangu, nikamsogezea mtungi mmoja kutoka dukani. Manase akakuna kidevu, akasema, "Gesi ni gesi." Maneno matatu tu, na mimi nikayaona hekima ya mwaka. Akaunganisha mipira yake, akafunga na kufungua, akaniambia washa, na ndugu zangu, ilipuliza baridi! Baridi ya kweli, ya kusimamisha vinyweleo! Nikacheza pale pale barabarani (msije mkajaribu kutia gesi ya kupikia kwenye AC hata siku moja, mtaona sababu). Mke wa Manase akapita akasema, "Mbona kama kuna harufu?" Mimi sikusikia chochote. Mtu anayelala na kuamka na mitungi, pua yake inakuwa imeshazoeana nayo, na hilo nalo sikuliwaza.

Kesho yake alfajiri nikaondoka, nikafika Munanila, mama akatoka na shangazi yake Adelina, wote wamependeza. Kwa hao wakwe zangu heshima ni heshima: mkwe haketi karibu na mkwe, hamwangalii usoni, na hamsemeshi moja kwa moja mpaka mambo yameeleweka. Kwa hiyo mama akakaa kiti cha nyuma, kitenge kichwani, uso dirishani, na shangazi akakaa mbele na mimi awe mfikisha ujumbe, ingawa tulikuwa ndani ya gari moja na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

Tukapandisha vioo, nikawasha AC.

"Mwambie mkwe gari lake lina baridi nzuri," mama akasema kule nyuma.

Shangazi akanigeukia. "Mama anasema gari lako lina baridi nzuri."

"Mwambie mama asante sana."

Moyo wangu ulivyokuwa unaruka! Muyama tukaiona kwa vioo, migomba inapita, nikawa nawaza nguo ya harusi nishone rangi gani. Tukapita Kasulu mjini, nikapita jirani na gereji ya yule fundi, nikapiga honi makusudi.

Tulipoiacha Kasulu ndipo nilipomwona shangazi anavuta upande wa kanga yake puani. Nikavuta pumzi, nikasikia na mimi. Harufu nzito, ya kabeji iliyooza, inakuja, inaondoka, inarudi. Sasa hapo sikuwaza mtungi hata kidogo, niliwaza nyie mnavyowaza. Nikasema moyoni, maskini mama, safari ndefu, umri nao, tumbo limechafuka. Nishushe kioo? Nikishusha maana yake nimesikia, na nikiwa nimesikia nimemwaibisha mkwe. Nikaona dawa ni kuongeza baridi, nikaipeleka AC mpaka mwisho.

Harufu ikaja yote!

Shangazi akakohoa. "Mkwe, asubuhi ulikula nini?"

"Chai, shangazi."

"Chai tu?"

"Na maharage kidogo."

"Aaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu.

Ndipo nikaelewa kwamba wenzangu wanadhani ni mimi! Nikataka kujitetea, nitajiteteaje? Nikisema si mimi, nimemtaja mama. Nikatokwa jasho ndani ya baridi ile. Na kule nyuma mama naye akadakia.

"Mwambie mkwe kama tumbo lina gesi asione aibu, asimame, porini ni pengi."

"Mama anasema kama tumbo lina gesi—"

"Nimesikia, shangazi. Mwambie mama mimi sina gesi. Ila kama kuna mwingine mwenye shida, naweza kusimama."

Shangazi akaniangalia kwa huruma. "Hilo siwezi kulifikisha, baba."

Tukaendelea, kila mtu na kitambaa chake puani, kichwa kimeanza kuniuma, na tulipoanza kuingia Makere, siku ya soko, watu wamejaa pande zote mbili, shangazi akachoka kuvumilia. Huyu shangazi anavuta kiko, si mnajua wazee wetu wa huko, akakitoa mkobani, akasema, "Ngoja niwashe, tumbaku inafukuza kila kitu," na akatoa kiberiti.

Hapo hapo pua yangu ikazinduka! Ile si harufu ya tumbo, ile ni harufu ya pale dukani siku mtungi unapovuja! Gesi ni gesi, Manase! Gesi ni gesi!

"USIWASHE!"

Nilipiga breki katikati ya soko, nikampokonya shangazi kiberiti, nikazima gari, nikaruka nacho nje, nikamfungulia shangazi mlango huku napiga kelele "Tokeni! Tokeni!", nikazunguka nyuma, mama anashangaa tu, basi nikamshika mkono mama mkwe wangu (mkono! mkwe!) nikamvuta nje kama gunia la mahindi, kitenge kikaanguka, kiatu kimoja kikabaki garini.

"Imana yanje!" shangazi akapiga yowe (yaani Mungu wangu), na watu wakaacha mizani na mafungu ya dagaa wakaja wote.

Mama mmoja Mkongo mwenye meza ya vitenge akafika wa kwanza. "Papa, iko nini? Mama iko malade?" (yaani anaumwa). Kabla sijamjibu, upepo ukawaletea harufu kutoka kwenye milango iliyo wazi, wakarudi nyuma hatua moja wote pamoja, wameziba pua, na bodaboda mmoja akapaza sauti, "Jamani, hiyo gesi ni ya nani?"

Halafu macho yote yakaenda kwa mama, maana ndiye aliyevutwa nje kwa nguvu, kasimama na kiatu kimoja, ameinamisha uso. Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Bibi amemaliza gari." Nikamwona mama anatafuta kitenge chake ajifunike, na yeye pale hana mwana wala ndugu wa kumtetea zaidi ya shangazi ambaye bado anahema. Ningenyamaza, jamani, lawama zingeishia kwake na mimi ningeendesha gari langu nikaenda. Iliniuma sana kumwona vile.

Nikapanda kwenye ngazi ya gari nikapiga kelele kama mnadi, "Gesi ni yangu! Yote ni yangu! Mama hana hata kidogo!"

Weee! Soko lililipuka.

"Sikilizeni!" nikaendelea, nikidhani nikieleza wataelewa. "Nimeijaza jana mwenyewe, kwenye mtungi!"

"Kumbe ana mtungi mzima!" bodaboda akajibu, mwingine akalala juu ya magunia kwa kicheko. "Mfungeni regyuleta ya mtungi!" sauti ikatoka nyuma. Yule mama Mkongo alicheka mpaka akakaa chini, simu zikainuliwa juu, na kila nilivyoeleza habari za kompresa na fundi wa Kasulu na AC ndivyo walivyozidi kufa. Lakini mama walishamsahau. Alivaa kitenge chake akasimama pembeni, na nilimweleza shangazi kila kitu, kwamba AC ilikuwa mbovu tangu mwanzo, kwamba nilijisifu, kwamba gesi halisi niliikataa kwa kiburi. "Mfikishie mama," nikasema. Shangazi akasema, "Amesikia. Makere yote imesikia."

Tukaacha milango wazi mpaka ikaisha kabisa, ndipo tukaondoka, vioo chini vyote, upepo unawapiga wazee wa watu. Mimi nilishamzika Adelina moyoni, nikawa nawaza nitamwambiaje.

Tulipofika kwangu Kibondo, nyuma ya duka, Adelina alikuwa ametandika mezani, anatabasamu, akatuona vichwa vimetimka akauliza, "AC vipi?" Shangazi akamvuta jikoni, na baada ya muda nikasikia kicheko cha shangazi, na mimi nikatoka nikakaa kwenye ngazi ya duka.

Mama akanifuata mpaka pale. Nikasimama, nikaangalia chini, nikamtafuta shangazi kwa macho, hayupo.

"Wewe," mama akasema.

Moja kwa moja. Mimi. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Niliambiwa una maneno mengi, na ni kweli, unayo, na mengi hayana kazi. Lakini pale sokoni ulikuwa na nafasi ya kunyamaza ukaniachia mimi aibu. Hukunyamaza. Waite wazee wako waje Munanila." Akapiga hatua mbili, akarudi. "Na waje na basi."

Niliruka! Niliruka mbele ya wateja wangu, nikamkumbatia Manase aliyekuwa amekuja kuuliza AC imefanyaje, halafu nikakumbuka nina hasira naye nikamwachia.

Wiki ile ile nilirudi Kasulu kwa yule fundi mnene. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kufoka, mara ya kwanza na ya mwisho, kisha akaenda nyuma ya gereji kucheka, akarudi ananitajia bei: kutoa uchafu wangu, kusafisha, kuziba palipovuja, oili upya, gesi yenyewe. Ilikuwa karibu mara mbili ya ile niliyoikimbia. Nikalipa hata sikuomba apunguze, na nimeapa, fundi akinitajia kitu chochote cha bei kubwa, kwanza nitanyamaza, pili nitauliza ni kitu gani, na neno "mimi ndiye" sitalitamka gereji mpaka naingia kaburini.

Sasa hivi AC yangu inapuliza baridi safi, haina harufu, Adelina ni mke wangu, na mama tukimfuata Munanila anakaa kiti cha mbele kabisa, tunaongea bila mfikishaji. Ila kabla hajafunga mlango lazima aseme.

"Mkwe, shusha kioo."

"Mama, AC siku hizi ni nzima, nimelipia."

"Nimesikia," anasema. "Shusha kioo."